Kiongozi na Betri Sita

Kiongozi wetu alikuwa mtu mwoga. Naanza na hilo makusudi, maana waliomwona jukwaani tu, gita limening'inia chini ya kitovu na spika inanguruma nyuma yake, hawatanisadiki. Lakini mimi nilikaa nyuma yake miaka saba nikipiga drams, na anayekaa nyuma huona mambo ambayo walioko mbele hawayaoni. Niliona shati lake lilivyolowa kabla hata ya wimbo wa kwanza. Niliona alivyoigusa maikrofoni kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mtu anayepima pasi ya mkaa, kwa kuogopa shoti. Raba zake hazikumtoka miguuni, hata kwenye harusi ambako sisi wengine tulivaa viatu vya ngozi vya kuazima. Tulipomcheka alisema, "Chekeni. Umeme haujui kwamba leo kuna harusi."

Jina lake analo, ila sisi tulimwita Kiongozi, na hata mkewe alimwita hivyo, nusu kwa heshima na nusu kwa kumtania. Mchana alikuwa fundi wa redio pale Kizota, Dodoma, katika kibanda kilichobanana na watu wa kuchomelea mageti. Jumamosi na Jumapili alikuwa kiongozi na mpiga solo wa Kiangazi Bendi, ambayo haikuwa na mwenyewe. Neno hilo lilihitaji maelezo siku zile. Bendi zote tulizozijua zilikuwa za mtu au za kitu: za shirika, za jeshi, za chama, na wapigaji wake walikuwa na sare na mshahara. Tukienda kuomba ukumbi tuliulizwa, "Nyinyi bendi ya nani?" Kiongozi alijibu, "Yetu," na hapohapo jasho lilianza kumtoka, maana jibu hilo lilikuwa halijazoeleka.

Muziki wetu nao ulikuwa haujazoeleka. Wenzetu walipiga dansi la kistaarabu, magita matatu yanazungumza kwa adabu. Kiongozi alikuwa amesikia roki kwenye redio za mbali, akaipenda kwa namna isiyo na tiba. Kwa kuwa hakuwa na kifaa cha kukwaruza sauti ya gita, alichukua wembe akaichana karatasi ya spika yake moja, kidogo kidogo, akijaribu kila baada ya mchano, mpaka gita likatoa mlio aliokuwa anautafuta. Mara ya kwanza tulipopiga hivyo, mwenye baa alikuja mbio na kutuomba tupumzike ili fundi aje kutengeneza spika. Kiongozi akamwambia kwa upole kwamba fundi ni yeye, na spika ameitengeneza jana.

Mtu aliyeweza kuichana spika yake kwa wembe ndiye aliyeogopa kuvuka barabara. Sijui nilieleze vipi hilo. Alikuwa wa zile familia za mjini za Waislamu wafanyabiashara, ambao babu zao walikuja na misafara, na alikuwa na swala zake tano asizozikosa. Tulipiga baa, naye hakunywa kitu zaidi ya soda, na adhana ikisikika tulinyamaza hata kama watu walikuwa katikati ya kucheza. Wachezaji walibaki wamesimama, mikono ikining'inia, wakisubiri. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nilimuuliza siku moja kama haoni mgongano, akanijibu kwamba mgongano anauona vizuri sana, ndiyo maana usiku hapati usingizi.

Safari zilimtesa. Kabla lori halijaondoka alituhesabu, kisha akahesabu waya, kisha akatuhesabu tena kana kwamba tungeweza kupungua wakati anahesabu waya. Tulikuwa watano. "Tutafika," alikuwa akisema, "lakini je, tutapiga?" Msemo huo tuliugeuza kuwa wa kwetu. Mke wa mpiga besi alipokuwa mjamzito, mpiga besi mwenyewe alisema, "Tutafika, lakini je, tutapiga?" Kiongozi hakucheka. Alimwombea dua.

Sasa inabidi nimseme Mwimbaji, maana Kiongozi hasimuliki bila yeye. Alikuwa Mgogo wa Nkuhungu, mtoto wa pekee wa mama mjane, amekulia kwenye kwaya ya kanisani na nyuma ya ng'ombe wa mjomba wake. Alikuwa na sauti nzito yenye vumbi ndani yake, ambayo haikuhitaji maikrofoni ila kwa ajili ya heshima. Mama yake hakupenda bendi. Aliikubali kwa sharti moja tu: siku mwanawe akiwa mgonjwa, asiimbe. Baba mtu alikufa kwa kifua, na mama hakutaka kusikia habari nyingine ya kifua.

Na hii ndiyo ilikuwa desturi yetu, ambayo sijaikuta kwa bendi nyingine. Hatukuwa na kinanda wala chombo chochote cha kutupa sauti ya kuanzia. Kiongozi alimwambia Mwimbaji, "Amka." Mwimbaji alifumba macho na kutoa sauti moja ndefu, pale koo lake lilipokaa vizuri siku hiyo, na magita yote yakafungwa, yaani nyuzi zikakazwa au kulegezwa, kumfuata yeye. Akiamka mzito, tulishuka naye. Akiamka mwepesi, tulipanda. Kiongozi alisema nyuzi ni chuma, hazina siku mbaya, kwa hiyo zimfuate mwenye nyama.

Nimefika mahali ninapopaogopa, ni afadhali niseme moja kwa moja. Tulirekodi mara moja tu katika maisha ya bendi, nyimbo sita, na mimi niliziharibu. Kwa miaka mingi nilikuwa peke yangu ninayejua.

Zilikuwa zile siku ambazo maduka yalikuwa yamejaa kila kitu na mashirika yanafungwa moja baada ya jingine. Kiongozi alipata ruhusa ya kutumia ghala tupu pale Kizota, la shirika lililokwisha kufunga milango, kwa mchana mmoja. Tuliazima jenereta, tukaiweka nje, mbali, kwa waya mrefu, ikawasha amplifaya vizuri. Lakini redio-kaseti ya kurekodia ikiunganishwa kwenye jenereta hiyohiyo ilijaa mngurumo. Kiongozi alilijua hilo tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo aliamua redio itumie betri. Akanunua betri sita mpya, akazipima moja moja kwa balbu ya tochi, akanikabidhi mimi nizitunze mpaka siku yenyewe. "Wewe una mkono uliotulia," aliniambia. "Mimi nikikaa nazo nitazipima mpaka ziishe."

Hakujua kwamba mwezi uliotangulia nilikuwa nimepunguzwa kazini. Nilikuwa karani wa moja ya hayo mashirika, na sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilitoka nyumbani nimechomekea shati, nikazunguka mji mpaka saa tisa, nikarudi nimechoka kama mtu aliyetoka ofisini. Asubuhi ya kurekodi, binamu yangu aligonga mlango. Alikuwa ametoka Busi, kwetu Kondoa, na lori lake lilikuwa linarudi kabla ya mchana. Baba alikuwa kitandani, hawezi tena kutoka nje, na redio yake ilikuwa imenyamaza wiki nzima. "Mzee anaomba betri tu," alisema binamu. "Hataki dawa, hataki nini, anasema mwanangu anafanya kazi Dodoma, hashindwi betri."

Nilimpa zile sita. Kisha nikapanda juu ya bati, nikashusha betri za redio yangu mwenyewe, ambazo zilikuwa zimeanikwa juani siku mbili ili zirudishe nguvu kidogo. Kila nyumba Dodoma ilianika betri. Nilizijaribu kwa balbu, ikawaka vizuri kabisa. Nikajiambia kwamba balbu haidanganyi.

Mwimbaji alifika ghalani na mafua. Kiongozi alikaribia kulia. Alimkalisha kwenye gunia, akampa chai ya tangawizi kutoka chupa aliyofungashiwa na mkewe, akamfunga kanzu yake shingoni kama skafu, akatuapisha wote wanne. "Mama yake asijue. Akijua leo ameimba na mafua, bendi imekwisha." Tukaapa, kila mtu kwa dini yake. Kisha akamwambia, "Amka," na Mwimbaji akatoa sauti iliyokuwa nzito kuliko siku zote, ya puani kidogo, tukafunga magita kumfuata.

Tulipiga vizuri siku ile. Nalisema bila haya. Wimbo wa sita, ule wa mtu anayengoja mvua na mvua inapita kwa jirani, sijawahi kuupiga vile tena. Ila katikati yake nilitupia jicho redio pale kwenye sanduku, na nikaona kimulimuli chake chekundu kimefifia. Fimbo zilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kusimama. Nikaendelea kupiga.

Betri zikichoka, kaseti huzunguka polepole wakati wa kurekodi. Ukija kuisikiliza kwenye redio yenye nguvu zake kamili, kila kitu kinakimbia na kupanda juu. Tulipokusanyika kibandani kuisikiliza, wimbo wa kwanza ulikuwa mwepesi kidogo. Kufika wa sita, Mwimbaji wetu alikuwa na sauti ya binti wa darasa la tatu. Mpiga besi alicheka mpaka akakaa chini. Mwimbaji naye alicheka. Kiongozi aliifungua redio palepale, akatazama mkanda, akatazama mota, akasema kosa ni lake, mota ya redio hii ameitengeneza yeye mwenyewe. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Hata mimi nadhani ni mota."

Tungeitupa kaseti ile, lakini mpiga rizimu alikuwa ameshampa rafiki yake akainakili, na rafiki akamnakilia mwingine. Baada ya miezi miwili ilikuwa inapigwa kwenye vioski, kwa vinyozi, mpaka Manyoni. Watu waliipenda! Waliipenda hivyohivyo, ikikimbia. Tukija kupiga wenyewe, wachezaji walisimama na kutuuliza kwa nini tumezeeka. Mmoja alimwambia Kiongozi uso kwa uso, "Hamjui kupiga wimbo wenu." Basi tukajifunza kujiiga. Mimi nikaongeza mwendo, wao wakakaza nyuzi, na Mwimbaji, ambaye magita yote yalikuwa yakimfuata, akaanza kuyafuata magita huko juu. Alilikamua koo lake kila Jumamosi kuifikia sauti ambayo haikuwa yake. Mwaka wa pili akawa anakohoa baada ya onyesho. Mwaka wa tatu akaacha. Mwaka wa nne akaugua ugonjwa mwingine kabisa, nataka hilo lieleweke, akakonda, tukamzika Nkuhungu. Ugonjwa ulikuwa mwingine. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana.

Baada ya arobaini, Kiongozi alimpelekea mama mtu ile kaseti. Ndiyo iliyokuwa imebaki ya sauti ya mwanawe. Mama alisikiliza wimbo mmoja, akainuka, akamrudishia. "Huyu mtoto wa watu," alimwambia, "simjui. Mpelekee mama yake."

Tangu siku hiyo Kiongozi hakupiga gita tena hadharani. Bendi ilikufa bila tangazo. Lakini kibandani kwake, kwenye rafu ya juu, kulikuwa na redio moja isiyo ya mteja. Kwenye mota ya redio-kaseti kuna kitundu kidogo, na ndani yake skrubu. Ukiigeuza huku kasi inapanda, ukiigeuza kule inashuka. Kiongozi aliifungua redio ile nyuma, akaweka wimbo wa sita, bisibisi mkononi, akawa anatafuta. Kila aliyewahi kumsikia Mwimbaji aliitwa. Mchungaji aliitwa, muuza mishikaki aliitwa. "Ilikuwa hivi? Au chini kidogo?" Huyu alisema chini, yule alisema juu. Kwa kuwa siku ile magita yalifungwa kumfuata yeye, hakukuwa na chombo cha kuamua nani kasema kweli.

Mimi aliniita mara moja, na nilisema sikumbuki. Kisha nikawa napitia njia ya nyuma kila nilipokuwa na shughuli Kizota. Ajabu ni kwamba yeye, mwoga wa kila kitu, hakuwahi kunishuku. Nilikutana na mkewe sokoni akaniambia, "Shemeji, njoo umsemeshe mwenzio. Anageuza skrubu mpaka chakula kinapoa." Nilisema nitakuja. Nilikuwa nimeshapata kazi nyingine, nina watoto, nina nywele nyeupe mbili tatu, na bado nikisikia mtu anabadilisha betri ya saa nilitoka chumbani.

Miaka tisa baada ya mazishi nilikwenda. Sikuwa nimepata ujasiri wowote. Mkewe alikuwa ameniambia mara hii kwamba Kiongozi ameanza kusema anapoteza akili, na ameomba wanawe wasimwachie tena redio za wateja.

Nilimkuta kibandani asubuhi, ameinamia rafu.

"Shikamoo, Kiongozi."

"Marahaba, Drams. Umekuja." Hakugeuka. "Kaa hapo. Nisikilizie kitu, halafu nakuacha uende zako."

Akawasha. Wimbo wa mvua ukaanza, na kweli, alikuwa yeye. Ubeti wa kwanza nywele zilinisimama. Ubeti wa pili akaanza kutoroka. Kufika mwisho alikuwa binti tena, si wa darasa la tatu, lakini binti. Kiongozi akazima.

"Unaona?" alisema. "Nikimpata mwanzo, nampoteza mwisho. Nikimpata mwisho, mwanzo anakuwa jini. Kwa hiyo si mota. Mota nimebadilisha mara nne. Ni mimi. Mwanzo wa wimbo namkumbuka, mpaka unafika mwisho nimeshamsahau. Namsahau ndani ya dakika tano, Drams. Mtu niliyemfungia magita."

Nikasema.

Nilisema yote, kuanzia barua ya kupunguzwa kazi mpaka kimulimuli. Nilisema kuhusu binamu na lori, na kwamba Baba aliishi wiki tatu baada ya pale, na redio ilizimwa na waliomfumba macho. Nilisema kwamba sijawahi kuweza kujutia zile betri zilikokwenda, na sijawahi kupumzika kwa ajili ya zile nilizoleta. Nilizungumza nikitazama raba zake.

Jirani alikuwa anachomelea, mwanga unaruka ukutani.

"Zilianikwa siku ngapi?" Kiongozi akauliza.

"Mbili."

"Zote sita?"

"Zote."

"Kwa hiyo zilikuwa zinakufa wakati anaimba." Aliutazama mkono wake wenye bisibisi. "Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinakufa. Kasi ilikuwa inashuka mstari kwa mstari." Kisha akanigeukia, na hiyo ndiyo mara pekee katika miaka yote niliyomjua aliponipandishia sauti. "Miaka tisa! Miaka tisa nageuza skrubu naiacha hapo ilipo, nikidhani kichwa changu ndicho kinachohama! Ungesema siku ile, Drams, tungecheka, tungerudia wiki iliyofuata! Mafua yake yangekuwa yamepona!"

Machozi yalimtoka, nami yalinitoka, na yule mchomeleaji akatuchungulia akaondoka. Kiongozi akajifuta kwa kitambaa cha kufutia vichwa vya kaseti. Akarudisha mkanda mwanzo.

"Hesabu," akaniambia. "Kama zamani. Hesabu kwa sauti mwendo tuliopiga, mimi nifuate."

Nikapiga ubao kwa vidole, nikahesabu. Aliweka bisibisi kwenye kitundu, na wimbo ulivyokwenda akawa anaigeuza skrubu taratibu, taratibu mno, akinifuata mimi. Mara tatu alikosea. Mara ya nne Mwimbaji aliingia na hakutoka. Alitembea nasi mpaka mwisho, mzito, na lile vumbi lake.

Kiongozi akazima, akavaa kofia yake. "Twende Nkuhungu. Pitia dukani uchukue betri. Mpya. Na nitazipima."

Alizipima mara tatu barabarani.

Tulimkuta mama amekaa kibarazani anapepeta uwele. Alikuwa amezeeka sana, macho yameanza kuingia ukungu. Kiongozi alimwamkia, akamwomba radhi kwa kurudi na kitu kilekile alichokikataa, akaiweka redio juu ya kigoda ikiwa imefunguliwa mgongo. Bisibisi ilikikosa kitundu mara mbili. Mimi nilihesabu kwa kupiga goti, bila sauti, nikimtazama mama.

Ungo ulisimama kwenye mstari wa kwanza. Nilihesabu, Kiongozi akageuza, jasho linamdondoka kwenye mota. Wimbo ukaisha. Mama alibaki ameinamisha kichwa upande wa redio, kisha akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa hasira.

"Siku hiyo alikuwa na mafua," alisema. "Nani alimruhusu aimbe?"

Kiongozi alikuwa bado ameishikilia bisibisi kwenye skrubu, anaogopa kuiachia.